Waridi lina nguvu, maua hakuna: tuling'oe?

[Muziki wa kipindi. Unashuka taratibu.]

MTANGAZAJI: Kama uko Nyarugusu, kama uko Nakivale, kama uko Mahama, au Kakuma kwenye lile jua lisilo na huruma, karibu katika kipindi chetu cha bustani. Mimi ni mtangazaji wenu, mkimbizi kama wewe, na tutakuwa pamoja kwa dakika 20.

Wiki iliyopita tulizungumzia mbolea ya mboji. Leo nina barua iliyotoka kwenye sanduku letu la maoni. Ni karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Naisoma kama ilivyo:

"Mimi ni mama wa watoto watano. Mbele ya nyumba yangu kuna waridi la kupanda. Nililiotesha kwa kijiti nilichopewa na mama mmoja mwenyeji, akaniambia maua yake ni meupe na yananukia. Huu ni mwaka wa nne. Waridi lenyewe lina nguvu kuliko mimi, nalikata na linarudi. Lakini ua sijaona hata moja. Majirani wanasema ni dume. Je, niling'oe nipande lengalenga?"

Mama, asante kwa barua. Jambo la kwanza, hakuna waridi dume. Mpapai unaweza kuwa dume, hiyo ni kweli. Lakini waridi kila ua lake lina sehemu ya kiume na sehemu ya kike humohumo. Kwa hiyo tatizo liko mahali pengine. Nilikwenda kulitazama mwenyewe Jumamosi, na nilibeba kinasa sauti.

[Sauti za watoto, kuku, mtu anachambua maharage kwenye ungo.]

MAMA: Ndilo hili, mwanangu. Mwezi wa tisa nililikata likabaki kimo cha goti. Sasa tazama, limeshafika kwenye shitingi.

MTANGAZAJI: Mama, unalikata kila mwaka?

MAMA: Kila mwaka, kabla ya mvua. Nisipolikata litaangusha paa.

MTANGAZAJI: Unakata yapi, yale membamba?

MAMA: Yote. Membamba, manene, yote. Nachukua panga, namaliza.

MTANGAZAJI: Hujawahi kuacha hata tawi moja likae miaka miwili?

MAMA: Niliache nipate nini? Hapo ni mahali pa mboga.

[Sauti inafifia.]

SEHEMU YA KWANZA: WARIDI LILILOKAA MIAKA 100 BILA UA

MTANGAZAJI: Ndugu msikilizaji, kabla ya kumjibu mama huyu, nataka nikupeleke mbali kidogo. Kuna waridi moja maarufu duniani lililowasumbua watu kwa jambo hilihili.

Linaitwa waridi la Banks. Asili yake ni China, kwenye milima na mabonde ya kati na magharibi ya nchi hiyo. Ni waridi la kupanda. Matawi yake karibu hayana miiba, na maua yake ni madogo, upana wa sentimita 2 au 3, meupe au ya manjano, yanatoka kwa vishada vingi kwa pamoja. Linachanua mara moja tu kwa mwaka. Na lina nguvu hasa: likipata pa kuegemea linapanda mita 6 na zaidi, na likipata mti mrefu linapita mita 10.

Mwaka 1807 mtunza bustani aitwaye William Kerr alilituma kutoka Canton, China, hadi bustani ya Kew huko London. Likapewa jina la Dorothea Banks, mke wa mwanasayansi Joseph Banks. Watu wa Ulaya wakadhani ndiyo mara ya kwanza waridi hilo kufika kwao.

Kumbe lilikuwa limeshafika. Mwaka 1796 bwana mmoja, Robert Drummond, alirudi kutoka safari ya China akiwa na mche wake. Akaupanda nyumbani kwao Megginch, katika nchi ya Uskoti, kaskazini ya Uingereza. Uskoti kuna majira ya baridi ambayo sisi hatuyajui, maji yanaganda na theluji inaanguka. Kila mwaka baridi ile iliyaunguza matawi ya waridi. Kila mwaka, baridi ikiisha, shina lilichipua upya kwa nguvu. Na kila mwaka halikutoa ua.

Liliishi hivyo kwa zaidi ya miaka 100. Na kwa kuwa halikuchanua, hakuna aliyelitambua ni waridi gani.

Mwanzoni mwa karne ya 20, vipande vya matawi yake vilikatwa vikapelekwa Nice, kusini mwa Ufaransa, kando ya bahari, mahali penye jua na baridi ndogo. Vikapandwa huko. Mwaka 1909 vikachanua. Ndipo watu wakatambua kwamba lile waridi la Megginch lilikuwa waridi la Banks siku zote.

Sasa jiulize, ndugu msikilizaji. Mmea ni uleule, haukutiwa dawa, na wala haukugeuka kutoka dume kuwa jike. Nini kilibadilika?

[Muziki mfupi.]

SEHEMU YA PILI: UMRI WA TAWI

MTANGAZAJI: Jibu ni umri wa tawi.

Waridi la Banks halitoi maua kwenye fito ndefu mpya zilizoota mwaka huu. Linatoa maua kwenye vitawi vidogo vinavyochipuka kutoka tawi la mwaka jana, la mwaka juzi na yale ya zamani zaidi. Tawi lazima kwanza lirefuke, likomae, likae, halafu ndipo lichanue. Ukiliua tawi kabla halijafika umri huo, umeua maua ambayo hukuyaona.

Wazee wetu waliolima kahawa Ngozi, Kayanza au Kivu wanalijua jambo hili. Ukikata mkahawa wote chini, unachipua vizuri, majani yanang'aa. Lakini mwaka huo hupati buni. Unasubiri mpaka matawi mapya yakomae, karibu miaka 2. Hakuna mkulima wa kahawa anayesema mkahawa wake ni dume. Anajua anasubiri tawi.

Basi kule Uskoti, panga lilikuwa baridi. Hapa kwetu, panga ni panga.

Mama wetu amelikata waridi lake lote mara tatu katika miaka minne. Kila mara limeanza kuhesabu upya kutoka moja. Halina ugonjwa wowote, ila halijawahi kufikisha umri wa kuchanua.

SEHEMU YA TATU: WARIDI MOJA, HALI YA HEWA MBALIMBALI

MTANGAZAJI: Lakini msikilizaji anaweza kuniambia: mtangazaji, mimi sijalikata, na bado sioni kitu. Ni kweli. Hali ya hewa nayo ina neno lake. Tulifuate hilihili waridi la Banks tuone linavyofanya mahali mbalimbali.

Penye baridi kali, tumeshaona. Shina linaishi, matawi yanakufa, maua hakuna. Wakulima wa Uingereza wanaolitaka wanalipanda chini ya ukuta unaotazama kusini, maana kwao jua linapita upande wa kusini. Ukuta unashika joto la mchana na kulilinda tawi usiku.

Penye majira ya baridi ndogo na kiangazi chenye jua, kama Nice, ndipo linapopapenda. Jua linakomaza tawi. Baridi ndogo inalipumzisha bila kuliua.

Penye ukame na joto, twende Tombstone, mji mdogo katika jimbo la Arizona, Marekani. Ni nchi ya jangwa, lakini iko juu, karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Ulikuwa mji wa wachimbaji wa fedha. Mwaka 1885 mwanamke kijana aliyemfuata mumewe huko migodini, mbali na kwao, aliletewa kijiti cha waridi la Banks kutoka Uskoti. Kikapandwa nyuma ya nyumba ya wageni alikofikia. Mgodi ulikuja kuisha nguvu, watu wengi wakaondoka, waridi likabaki. Lipo mpaka leo. Mzingo wa shina lake unapita mita 3. Limetanda juu ya nguzo na mabomba ya chuma, na kivuli chake kinafunika zaidi ya mita za mraba 700. Limeandikwa katika kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kuwa ndilo waridi kubwa kuliko yote, na kila mwaka mwezi wa tatu au wa nne linakuwa jeupe lote kwa maua.

Kwa nini jangwani liliweza? Kwanza, jua la kutosha. Pili, baridi ndogo ya kupumzika. Tatu, mizizi yake ilipata maji. Na nne, lilipokua, watu hawakulimaliza kwa panga. Walilipandisha juu, wakaongeza nguzo.

Penye joto na unyevu mwaka mzima, kama nchi za tambarare za pwani katika ukanda wetu wa joto, waridi hili halipati mapumziko. Linaota tu, linatoa majani mengi na maua machache. Hapo nguvu yake yote inaishia kwenye majani.

[Muziki mfupi.]

SEHEMU YA NNE: NA SISI JE?

MTANGAZAJI: Sasa turudi nyumbani. Au tuseme, tulipo.

Jambo la kwanza ni kujua waridi lako ni la kundi gani, maana yako makundi mawili. Pale Naivasha, Kenya, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,880, kuna mashamba makubwa ya mawaridi yanayouzwa Ulaya. Yale yanakatwa mwaka mzima na yanachanua mwaka mzima, kwa sababu ni aina inayochanua kwenye tawi jipya. Ukilikata, unalisaidia. Mawaridi mengi ya kichaka tunayoyaona kwenye bustani za ofisi na makanisa ni ya kundi hilo.

Kundi la pili ni mawaridi ya kupanda yanayochanua mara moja kwa mwaka, kama la Banks. Ukilikata lote, unaliharibia.

Utajuaje lako ni lipi? Angalia chipukizi linalotoka baada ya kukata. Kama ndani ya miezi miwili hivi limetoa tumba la ua kwenye ncha, ni kundi la kwanza. Kama limetoa fito ndefu, fito tupu, inayokimbilia juu, ni kundi la pili. La mama wetu ni la pili.

Kwa waridi la namna hiyo, fanya hivi.

Moja. Chagua fito tatu au nne zenye afya, uziache. Usiziguse kwa panga kwa mvua mbili. Toa tu zilizokauka na zile nyembamba zinazosongana. Likishaanza kuchanua, kata baada ya maua, si kabla, na kata tawi moja au mawili ya zamani sana tu.

Mbili. Zilaze fito. Hili ni muhimu. Tawi likisimama wima, ncha ya juu inayaamrisha macho ya chini yalale. Ukilipinda taratibu na kulifunga upande, kama kamba ya kuanikia nguo, ile amri inapungua. Macho yanaamka kando ya tawi zima, na kila moja linaweza kutoa kitawi cha maua. Pinda tawi likiwa bado laini, kidogo leo, kidogo wiki ijayo, lisivunjike.

Tatu. Lijengee kichanja chake. Usiliache lipande juu ya nyumba. Waridi lenye nguvu likilowa mvua ni zito, litavunja miti ya paa na kutoboa shitingi. Kichanja kiwe kimo cha mtu, mbali na ukuta kama hatua mbili. Lakini tafadhali, usiende kukata miti mibichi kwenye msitu wa wenyeji kwa ajili ya ua. Tunajua ugomvi unaotoka huko. Tumia waya wa zamani, mabaki ya mabati, mianzi, kamba ya katani. Na kila kambi ina kanuni zake kuhusu kujenga na kupanda vitu vya kudumu, kwa hiyo muulize kwanza kiongozi wa mtaa wako.

Nne. Usilishibishe samadi. Samadi nyingi, hasa ya kuku, inaleta majani. Mboji kidogo mwanzoni mwa mvua inatosha.

Tano. Jua. Lipate jua saa 6 kwa siku au zaidi. Lakini kwenye joto kali kama la Kakuma, lipande mahali linapopata jua la asubuhi na kivuli baada ya saa 8 mchana, na ufunike udongo kwa majani makavu ili maji yasikimbie.

Sita. Maji. Maji ya bomba ni ya kunywa na kupika kwanza, hatuna mjadala hapo. Waridi lipe maji uliyooshea mboga au uliyonawia mikono. Maji yenye sabuni kidogo si mabaya mara mojamoja. Maji yenye jiki au sabuni ya unga nyingi, hapana. Mwagia kwenye shina jioni, usimwagie majani. Ni afadhali kulinywesha sana mara moja au mbili kwa wiki kuliko kulilowanisha juujuu kila siku, maana mizizi inafuata maji chini.

Kwa wenzetu wa sehemu za mwinuko, kama Nyarugusu, miezi ya ukavu, ya sita na ya saba, usiku ni wa baridi kidogo. Mmea unapumzika. Hapo usiulazimishe kwa maji mengi. Uache upumzike, ndiyo nafasi yake.

[Muziki mfupi.]

SEHEMU YA TANO: JIBU KWA MAMA

MTANGAZAJI: Nilimweleza mama haya yote pale mlangoni kwake. Alisikiliza, akaendelea kuchambua maharage, halafu akaniuliza swali.

[Sauti ya uwanja inarudi.]

MAMA: Umesema mvua mbili?

MTANGAZAJI: Mvua mbili, mama. Pengine tatu.

MAMA: Na lengalenga zangu?

MTANGAZAJI: Waridi linahitaji shimo moja tu, mama. Linalokula eneo ni kule kulala kwake ovyo. Ukilipandisha juu ya kichanja, pembeni upande wa mashariki unapata matuta mawili ya lengalenga, na jua la asubuhi wanalipata wote wawili.

MAMA: Sawa. Lakini mwanangu, mvua mbili. Nani anajua baada ya mvua mbili tutakuwa wapi?

[Kimya kifupi.]

MTANGAZAJI: Ndugu msikilizaji, hilo sikuwa na jibu lake, na sitamdanganya mtu redioni. Mimi mwenyewe nilifika kambini nikiwa mdogo, wakaniambia ni miezi michache. Nimemaliza sekondari hapahapa. Kama ningepanda mti mwaka ule, leo ningekuwa nakaa chini yake. Lakini wapo pia waliopanda, na kabla ya kuvuna wakapangiwa safari. Yote mawili yanatokea, na yote mawili tumeyaona.

Nilichomwambia ni kitu kimoja ninachokijua. Waridi lile la Uskoti lilisafiri likiwa kijiti. La Arizona nalo lilifika likiwa kijiti. Na la mama huyu alipewa kijiti. Kwa hiyo tulikata vijiti siku ileile. Nakueleza tulivyofanya, nawe ujaribu.

Chagua tawi la mwaka huu lililoanza kukakamaa, unene wa penseli. Kata kipande cha sentimita 15 hadi 20 chenye macho manne hivi. Kata chini kidogo ya jicho. Toa majani ya chini, acha mawili ya juu. Chukua kopo au dumu lililokatwa, toboa matundu chini, jaza mchanga na udongo nusu kwa nusu. Chomeka kijiti mpaka theluthi mbili ziwe ndani ya udongo, kama unavyopanda muhogo, lakini kisimame. Shindilia kwa vidole. Mwagia maji, kisha kifunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, bila kizibo. Weka kivulini. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Baada ya wiki 6 hadi 8, kivute kidogo sana kwa vidole. Kikikataa kutoka, kina mizizi.

Panda vijiti vitano au sita, maana vingine vitakufa. Na ujue kijiti kipya kinaanza kuhesabu upya, hakikupunguzii miaka. Kama utavuka mpaka, uliza kwanza, kwa sababu nchi nyingi zina kanuni kuhusu kuingiza mimea na udongo, kuzuia magonjwa ya mazao.

Mama alipanda vijiti sita. Viwili ameshawapa majirani, wale waliosema waridi ni dume. Vinne viko kwenye makopo ya mafuta nyuma ya nyumba. Na lile kubwa tulilifunga fito nne kwenye waya, zikalala upande. Panga akalirudisha ndani. Nikamuuliza: mama, na ukipangiwa safari kabla halijachanua?

MAMA: Atakayepewa nyumba hii nitamwambia neno moja tu. Asilikate.

[Muziki wa kipindi unaingia polepole.]

MTANGAZAJI: Ndugu msikilizaji, kama una waridi lenye nguvu lisilotoa maua, kabla hujaling'oa jiulize maswali matatu. Tawi lake kongwe lina umri gani? Ni nani au ni nini kinachoyakata matawi kabla ya wakati: panga, mbuzi, jua au baridi? Na je, lina mahali pa kulala zaidi ya paa la nyumba yako? Ukipata majibu, tuandikie. Weka karatasi kwenye sanduku la maoni, au mpe mtangazaji yeyote unayemwona na kinasa sauti. Asiyejua kuandika aje tu, tutamwandikia.

Wiki ijayo tutazungumzia panya wanaokula mbegu kabla hazijaota. Mpaka hapo, nawatakia kazi njema bustanini, na kaeni salama.

[Muziki unapanda. Mwisho.]